Uso wa Mtoto Uliyeachiwa

Mama wa Butembo, mashariki mwa Kongo, hutoka alfajiri kwenda shambani au sokoni, na mtoto wake anabaki kwa jirani, kwa nyanya yake, kwa binti wa kazi, au kwenye garderi ya parokia. Humwachia uji, nguo za kubadili, na maneno mawili matatu juu ya dawa ya kikohozi. Kuhusu simu hasemi neno. Mlezi naye hajaulizwa, hivyo anafanya anavyoona.

Wengi wakisikia hatari za intaneti hufikiria vijana. Lakini mtoto wa miaka mitatu, asiyejua herufi hata moja, anajua kugusa picha. Tangu mauaji ya raia kule Beni yalipoanza Oktoba 2014, picha za waliokatwa mapanga zimekuwa zikipita katika vikundi vya WhatsApp. Mmoja hutuma ili jamaa watambue maiti, mwingine ili aonye majirani, mwingine kwa uchungu tu. WhatsApp isipozuiwa huzipakua yenyewe na kuzilaza pamoja na picha za ubatizo na harusi. Dada anampa mtoto simu aangalie katuni ili yeye apate kuosha vyombo. Kidole kinateleza, katuni inafungwa, na mtoto anakutana na kitu kinachotukosesha usingizi hata sisi wazima.

Simlaumu dada huyo. Kazi ni nyingi na mikono ni miwili. Namwomba aingie kwenye mipangilio ya WhatsApp azime kupakua picha na video moja kwa moja, afute zilizokwisha kuingia, apakue katuni mapema, kisha azime mega (data) kabla ya kumpa mtoto simu. Na muda uwe mfupi. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa chini ya mwaka mmoja asiwekwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku.

Kuna hatari ya pili, nayo inaniuma zaidi kwa sababu hutokana na upendo. Mlezi humpiga mtoto picha akiogeshwa au akicheka, akaiweka kwenye statu, ionwe na watu wote walio kwenye orodha ya namba zake. Mtoto si wake. Baba aliye Goma au Kampala akiomba picha, atumiwe yeye peke yake, tena mtoto akiwa amevaa.

Tukumbuke Ebola ya 2018 hadi 2020, iliyoua zaidi ya watu 2,200. Pale Beni na Butembo zilifunguliwa garderi kando ya vituo vya matibabu, kwa msaada wa UNICEF, kwa watoto ambao mama zao walikuwa wamelazwa. Waliowabeba vichanga hao walikuwa watu waliopona ugonjwa wenyewe, kwani miili yao ilikuwa na kinga. Mtoto alichunguzwa siku 21. Sasa fikiri: picha moja tu ya kichanga mlangoni pa garderi ile ingetosha kuutangazia mtaa mzima kwamba nyumba fulani ina Ebola, wakati ambapo watu walikimbiwa na majirani na uvumi ulikuwa ukisambaa kwa simu. Siku 21 zingekwisha, mtoto angerudi nyumbani mzima, na picha ingebaki. Kwangu mimi, kumlea mtoto ni pamoja na kumtunzia jina lake.

Utaniuliza: na mtoto aliyepotea, watu walipokimbia risasi, nisimtangaze? Mtangaze, lakini kwa mpango. Mpeleke kwanza kwa shefu wa kartie, kisha muwaone watu wa Msalaba Mwekundu, ambao kuwatafutia watoto jamaa zao ni kazi yao. Redio iseme tu kwamba ameonekana mtoto wa kike wa umri kama huu, wenye kumtafuta waende kwa shefu. Tumezoea kuweka kila kitu Facebook: uso, jina, nguo alizovaa, nyumba anamolala. Anayekuja kumdai ndiye anayepaswa kutaja jina la mtoto, rangi ya gauni lake, na kovu lake liko wapi. Ukishaandika hayo yote chini ya picha, utamtambuaje mwongo akibisha hodi?