Bibi Aliyekaa Nafasi ya Sifuri



Wengi wetu tukichunguza dhamiri kabla ya kuungama tunaanza na yale yaliyotuletea kelele: ugomvi, uongo uliogundulika, ulevi uliosemwa mtaani. Lakini je, mtu anaweza kuwa na kosa kubwa ambalo halikupiga kelele hata kidogo? Na kama hakuliona, analaumiwaje? Tulitazame swali hili kupitia kazi ambayo vijana wengi siku hizi wanajifunza: kuandika programu za kompyuta.

Tuseme VIWAWA wa Mtowisa wanaandika programu ndogo, kwa lugha ya Python, ya kupanga zamu za kutembelea wagonjwa. Majina ni matano: Bibi Agnesi, Bonifasi, Kristina, Damasi na Edita. Yanawekwa kwenye arei, yaani orodha ambayo kila jina lina namba ya nafasi yake. Kisha inaandikwa lupu, agizo la kurudia: pita nafasi moja moja, taja jina, mpangie mtu wa kumtembelea.

Sisi tumezoea kuhesabu kuanzia moja, kwa hiyo inaandikwa: anzia 1, ishia 5. Kumbe Python, kama C na Java, huanzia sifuri. Namba ile haisemi "wa ngapi". Inasema "hatua ngapi kutoka mwanzo". Ukipanda gari Sumbawanga mjini ili ushuke Lyamba lya Mfipa mpaka Mtowisa, pale unapopandia ni kilomita 0, maana bado hujaenda popote. Edsger Dijkstra, mtaalamu wa kompyuta wa Uholanzi, aliutetea utaratibu huu katika andiko lake la mwaka 1982. Basi Bibi Agnesi yuko nafasi ya 0, Edita nafasi ya 4, na nafasi ya 5 haina mtu.

Programu inataja majina manne, ikifika 5 inagoma na kusema namba hiyo iko nje ya orodha. Hapo fundi mwenye haraka anabadilisha 5 kuwa 4. Kelele inaisha. "Imekubali!" Wote wanafurahi. Lakini Bibi Agnesi bado hana mgeni, na sasa hakuna ujumbe wowote utakaomtaja. Kwa kompyuta, kila kilichoagizwa kimefanyika.

Kijana mwenzangu, mara ngapi tunatubu hivyo? Tunarekebisha kile kilichotuaibisha, tunaona amani imerudi, tunadhani tumepona. Soma Mathayo 25:31-46. Wale wa kushoto hawashtakiwi wizi wala uuaji. Wanashtakiwa kwa mwenye njaa ambaye hawakumlisha na mgonjwa ambaye hawakumtazama. Nao wanashangaa, wanauliza ni lini walimwona Bwana katika hali hiyo. Sidhani kama wanadanganya. Lupu yao haikupita pale.

Utaniambia: "Sasa Frateri, kama hawakuona, kosa liko wapi?" Hoja ni ya haki. Mt. Thoma wa Akwino, katika Summa Theologiae (I-II, swali la 76), anatofautisha. Kuna kutojua ambako mtu hakuweza kukuondoa. Huko humwondolea lawama. Na kuna kutojua kunakotokana na uzembe: aliweza kujua, alipaswa kujua, hakujishughulisha. Anayeanza kujifunza, ambaye hajaambiwa habari ya sifuri, ni wa kundi la kwanza. Aliye na orodha ya majina matano mkononi, akaona manne kwenye kioo, akafunga kompyuta akaenda zake, huyo ni wa pili. Hakumchukia Bibi Agnesi. Hakuhesabu tu.

Ndiyo maana fundi mzuri haridhiki kwamba programu haikugoma. Anaiamuru itaje namba kila inapozunguka. Analinganisha: yameingia mangapi, yametoka mangapi? Zaidi ya yote anakagua ncha mbili, ya mwanzo na ya mwisho, maana makosa ya namna hii hukaa pembeni. Katikati huonekana pazuri. Maisha nayo yako hivyo. Tunaorukwa kwa urahisi ni walio nchani: mtoto ambaye hajazaliwa, na mzee asiyeweza tena kutembea hadi kigangoni.

Mt. Ignasi wa Loyola, katika Mazoezi ya Kiroho yaliyochapwa mwaka 1548, anafundisha kuweka alama kwenye mstari kila mtu anapoanguka katika kosa analopigana nalo. Ni njia nzuri, iendelee. Mimi naongeza mstari mwingine: majina ya watu ambao Mungu ametukabidhi. Usiku, kabla ya kulala, yahesabu. Nani leo sikumfikia? Na je, nilimkosa kwa kukosa nafasi, au kwa sababu kukosekana kwake hakunipigii kelele?

Mchungaji wa Mathayo 18 alikuwa na kondoo mia. Kwenye mtihani wowote, 99 ni alama ya kujivunia. Yeye aliiona kuwa hesabu ambayo haijatimia, akaondoka kwenda mlimani kumtafuta mmoja.

Tuombeane.