Mpunga Usiopandwa na Mtu



Ukiendesha gari kwenda kaskazini mwa Minnesota mwishoni mwa Agosti, utaona maziwa yanayofanana na mashamba ya mpunga ya Mwea au Kyela. Hakuna aliyeyalima. Ni mpunga mwitu, ambao Waojibwe huuita manoomin, nyasi ya mwaka mmoja inayoota kwenye matope laini, chini ya maji ya futi moja hadi tatu hivi. Ikishazaa, inakufa. Mazao ya mbele yanategemea punje zilizoanguka majini, nazo lazima zilale kwenye baridi kali miezi kadhaa ndipo ziote. (Sisi tunaolalamikia theluji kila mwaka, kumbe kuna anayeihitaji.)

Huvunwa na watu wawili kwenye mtumbwi. Mmoja anasukuma kwa upondo, mwenzake anainamisha mabua kwa kijiti na kuyapiga polepole kwa kijiti kingine. Punje zilizoiva zinaangukia mtumbwini na nyingine majini. Mbichi zinabaki kwenye suke mpaka siku nyingine. Sheria ya jimbo inataka vijiti visizidi inchi 30, kila kimoja kiwe chini ya ratili moja, na mtumbwi uende kwa nguvu za mikono. Yaani zana yenyewe imewekwa isiweze kumaliza.

Wengi wetu hapa kanisani ni wauguzi na watunza wazee, na tumezoea kuhesabu. Ovataimu tusiyoichukua ni karo ya mtoto wa dada, ni dawa ya presha ya mama. Kwa hesabu hiyo punje iliyoanguka ziwani ni hasara. Tungepewa nafasi, tungetandika turubai.

Lakini ile punje ni ya nani? Walawi 19 inamwagiza mwenye shamba awaachie maskini na mgeni masazo ya mavuno. Yule anatoa kilicho chake. Mvunaji wa ziwani hatoi kitu, kwa maana hakupanda. Anajizuia tu kuchukua, na hakuna atakayekuja kumshukuru. Kwetu sisi tunaopenda kusikia asante, huo ni wema mgumu zaidi.

Kuna watakaosema ni aliyeshiba tu anayeweza kuacha. Neno hilo lina uzito. Hata hivyo, Waojibwe walipotia saini mkataba wa 1837 na kuachia ardhi kubwa, walisisitiza wabaki na haki ya kuwinda, kuvua na kukusanya mpunga huu, na Mahakama Kuu ya Marekani iliitambua haki hiyo mwaka 1999. Hawakuwa watu wa ziada. Waliacha punje majini kwa sababu walikusudia kula tena mwaka uliofuata, wao na watoto wao.

Mama ambaye mwanawe amerudishwa nyumbani kwa karo hatuwezi kumhubiria habari za ziwa. Atachukua zamu, nasi tungechukua. Tunaowaza hapa ni sisi ambao karo imeshalipwa, kiwanja kimeshanunuliwa, na bado tukipigiwa simu Jumamosi usiku tunasema ndiyo kabla hatujaulizwa vizuri, huku watoto wakisikiliza kutoka chumba cha pili.

Ratiba ya Oktoba imeshatoka. Kuna nafasi tatu wazi, na tumeshazitazama mara mbili.