Je, Utunzi Hufundishwa?

Wazee wenzangu hapa Kizimkazi huuliza: kumpeleka mtoto Chuo Kikuu akajifunze kutunga hadithi, je, si kupoteza fedha? Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa jirani zetu Makunduchi, alianza kazi Idara ya Afya, kisha akawa mhariri wa gazeti. Mzimu wa Watu wa Kale, kilichotoka mwaka 1960, hakikungoja shahada ya utunzi.

Hoja hiyo ina uzito, lakini haitoshi. Euphrase Kezilahabi alisoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na usomi haukuipunguzia ukali Rosa Mistika ya mwaka 1971.

Wahenga walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Kijana hujifunza kuchonga ngalawa kwa fundi, lakini baharini huenda mwenyewe. Chuo nacho humfundisha mtunzi kufuta neno lisilofaa na kustahamili kukosolewa. Ukweli wa kuandika, na ujasiri wa kuutamka mbele ya jamaa zake, lazima aje nao.

Basi tusimuulize mtoto kwanza, "Utaajiriwa wapi?" Tumuulize, "Una nini cha kutwambia?" Akiwa nacho, ada tumchangie.