Boneti Ikiwa Baridi

Mpwa wangu, nimekusikia. Subaru Impreza WRX STI iko Lavington, Mitsubishi Lancer Evolution iko Kileleshwa, pesa za sacco zimeshaingia, na unataka mjomba wako akutajie moja tu: ni ipi ambayo injini yake haifi. Miaka thelathini na ushei nimefungua injini hapa Dagoretti Corner, na walioniuliza swali hilo zamani leo wana mvi kama mimi. Keti nikueleze polepole. Nimechoka kueleza mambo haya gari likiwa limeshaletwa kwa kamba.

Mapenzi yenyewe nayajua yalikotoka. Nami nilisukumana pale KICC kuyatazama magari ya Safari Rally yakiteremka jukwaani. Mwaka 1996 Tommi Mäkinen alishinda na Lancer. 1997 Colin McRae akashinda na Impreza. 1998 Richard Burns akaurudisha ushindi kwa Mitsubishi, kisha mwaka 2000 Burns huyohuyo akaupeleka Subaru, na 2001 Mäkinen akaunyakua tena na Lancer. Wazee wetu nao walikuwa na Joginder Singh na Lancer yake ya 1974 na 1976. Mtoto aliyekulia Nairobi angewezaje kukwepa ugonjwa huu? Ila kumbuka, nyuma ya kila gari lile palikuwa na kikosi cha mafundi wanaongoja porini na vipuri, na helikopta juu. Hilo la Lavington nyuma yake kuna nani?

Tuje kwenye chuma chenyewe. Injini ya STI, ile EJ, pistoni zake zimelala, mbili kushoto na mbili kulia. Uzito unakaa chini na gari linashika kona vizuri, hilo ni kweli. Lakini hedi ni mbili, gaskiti za hedi ni mbili, na fundi mvivu anapata mahali pawili pa kukosea. Ya lita 2.0 naipokea. Ya lita 2.5 ndiyo imenikosesha usingizi: gaskiti huvuja, na kingo nyembamba za pistoni zinazoshikilia ringi hukatika, mara nyingi silinda ya nne. Utaambiwa, "Hii ni ya Japani, ni 2.0." Usikubali haraka. STI ya A-Line, yenye gia za otomatiki, ni 2.5 hata ikiwa imetoka Japani. Soma logibuku, angalia ujazo wa injini kwa macho yako.

Na zote mbili, ya 2.0 na ya 2.5, hasara yao kubwa ni oili. Ikipungua kidogo tu, ukakata kona kwa nguvu, oili inakimbilia upande mmoja wa sampu na bomba linafyonza hewa. Beringi za kranki hazihitaji muda mrefu kufa. Utasikia mlio kama wa mtu anayebisha mlango kwa kidole kimoja. Ukishausikia, umechelewa.

Upande wa Mitsubishi, Evolution za kwanza hadi ya tisa zina 4G63, silinda nne zilizosimama mstari mmoja, bloku ya chuma cha kusubu, nzito, yenye subira. Inabeba presha ya tabo kuliko nyingine zote nilizozifungua. Ya kumi, iliyoanza 2007, ina 4B11, bloku ya alumini, na mnyororo badala ya mkanda wa taimingi. Nayo ni injini nzuri, lakini mnyororo hutanuka oili ikipuuzwa, na zile zenye giaboksi ya SST hukusubiri upande mwingine: giaboksi inapata joto kwenye foleni, oili na filta yake havijaguswa tangu Japani, na bili inafika kabla ya injini kulalamika hata siku moja. Ukinishurutisha, kwa injini peke yake, nitachukua 4G63. Nimesema.

Lakini injini haiuzwi peke yake. Sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na Evolution ya mwisho ilitoka kiwandani 2016. Kwa hivyo Evolution yoyote unayoonyeshwa leo imeshaishi hapa kwetu kwa muda, na STI nyingi zinazouzwa mjini ni vivyo hivyo. Unanunua mikono ya waliolishika gari kabla yako. Mmoja alilizima tabo ikiwa nyekundu kwa joto. Mwingine alimlipa kijana mwenye laptopu abadilishe programu ya injini ili ekzosi ilipuke kama baruti usiku kwenye Waiyaki Way. Programu hiyo inachoma petroli mahali ambapo haikupangiwa kuchomwa, na valvu na tabo ndivyo vinavyolipa.

Ongeza mji wenyewe. Tuko takriban mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na tabo inazunguka zaidi ili ikupe nguvu ileile. Magari haya yalipangiwa petroli ya Japani yenye oktani karibu 100; Super yetu haifiki hapo, na injini inayogonga kwa petroli dhaifu huvunja pistoni kimyakimya. Halafu unatoka Uthiru asubuhi, unatambaa hadi mjini saa nzima, jioni unapanda Expressway ambako kikomo cha mwendo ni kilomita 80 kwa saa, ukiikanyaga kama uko kwenye Safari Rally kule Naivasha. Hakuna injini iliyoumbwa kwa maisha hayo bila mtu wa kuiangalia.

Nikuambie kosa langu mwenyewe, maana silisahau. Mteja aliniletea Lancer nibadilishe mkanda wa taimingi. Injini ile ina mikanda miwili, mkubwa na mdogo wa shafti za kusawazisha mtetemo. Mdogo ulionekana mzima. Nikataka kumpunguzia gharama, nikauacha. Miezi michache baadaye ulikatika, ukajikunja ndani ya ule mpya, na valvu zikapinda. Alikuwa amepakia watoto. Hakuna aliyeumia, lakini uso wake akisubiri brekidauni kando ya Ngong Road bado ninauona. Tangu siku ile mikanda hubadilishwa yote au gari haliondoki kwangu, hata mwenyewe akinitukana.

Kwa hivyo Jumamosi nitakuja, na mama yako nimeshamwambia asihangaike. Tutapima kompresheni silinda zote nne, na tofauti kati yao ndiyo itakayozungumza. Tutavua kifuniko cha oili tutazame chini yake. Risiti za oili, kama zipo, nitazisoma moja moja. Na mpigie kila muuzaji sasa hivi, kwa heshima, umwambie asiliwashe gari kabla hatujafika. Injini iliyochoka huficha sauti yake ikishapata joto. Nikifika nitaweka kiganja juu ya boneti kabla ya salamu. Nikikuta pana joto, tutamshukuru kwa muda wake, tupande matatu turudi nyumbani.