Kifua Chako Si Cheti

Wanangu mnaotaka kula kwa kazi ya kuwafanyisha watu mazoezi, kaeni tuzungumze. Sisemi na wanaopiga tizi kwa afya zao. Hao Mungu awazidishie nguvu. Nasema na kijana ambaye kifua kimejaa, mikono imetuna, mtaa mzima unamwita kocha, na sasa anapanga kuacha kibarua chake ili aishi kwa wateja.

Najua ulikotoka. Vyuma vyako vya kwanza vilikuwa makopo ya rangi yaliyojazwa zege na kuunganishwa kwa bomba, uani kwa watu, Manzese, Tandika au Mbagala. Hukuwa na mwalimu wala kioo. Mwili huo umeutolea jasho na una haki ya kujivunia. Lakini unashuhudia jambo moja tu: kwamba wewe, kijana wa miaka 23, unayelala ukashiba usingizi na hujui presha ni nini, umeweza kujenga mwili wako. Atakayekuja kukulipa ni mama wa miaka 52, ana sukari, goti la kushoto linamsumbua, na amekaa kwenye kiti cha ofisi tangu ujana wake. Kifua chako hakijui lolote kuhusu goti lake.

Ndiyo maana neno langu la kwanza ni hili: somea.

Njia ziko. Mwenye matokeo mazuri ya shule na muda, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara ya elimu ya viungo na sayansi ya michezo. Ng'ambo ya mpaka, Chuo Kikuu cha Kenyatta nacho kinafundisha fani hiyo. Na kule Kwimba kuna Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya. Asiye na nafasi ya miaka ya chuo anaweza kusoma huku anafanya kazi, akafanya mtihani wa vyombo vya kimataifa kama ACE, NASM au ACSM vya Marekani. Ada yake si ndogo kwa kipato chetu, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa: nani amekithibitisha chombo hiki? Kule Marekani kuna tume iitwayo NCCA inayokagua mitihani ya namna hiyo, na vyeti vikuu vya ukufunzi vya vyombo hivyo vitatu vimepita kwake. Siku hizi kuna pia cheti cha semina ya Jumamosi moja: asubuhi mada, mchana pilau, jioni unapigwa picha umekishika. Hicho kitundike ukutani kama kumbukumbu ya pilau.

Tazama wenye mitihani ya kweli wanachodai. ACE na NASM hawakupi cheti kama hujatimiza miaka 18 na kama huna cheti hai cha kumhudumia mtu ambaye moyo wake umesimama. Kisha kila baada ya miaka miwili wanakudai saa 20 za masomo ya nyongeza, la sivyo cheti kinakufa. Wanajua kwamba aliyefaulu mara moja akalala, baada ya muda anafundisha mambo yaliyokwisha kupitwa. Basi hata kabla hujapata ada ya mtihani, nenda Msalaba Mwekundu kajifunze huduma ya kwanza. Mteja akianguka mbele yako, utabonyeza katikati ya kifua chake kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku mwingine akipiga simu na kutafuta gari. Jambo hilo mikono ndiyo inayolijifunza. Video haitoshi.

Neno la pili: mteja mpya, muulize kwanza. Iko fomu ya maswali saba ambayo wakufunzi dunia nzima wanaitumia, PAR-Q+, iliyoanzia Kanada. Inauliza kama daktari amewahi kumwambia ana ugonjwa wa moyo au presha. Kama kifua humuuma. Kama hupata kizunguzungu au kuzimia. Kama ana ugonjwa mwingine wa kudumu. Kama anameza dawa za ugonjwa huo. Kama ana tatizo la mfupa au kiungo. Na kama daktari amemwambia asifanye mazoezi bila usimamizi wa kitabibu. Maswali saba yanachukua dakika tano. Nimeona vijana wakiziruka dakika hizo kwa kuogopa mteja atachoka kuulizwa, wakamkabidhi vyuma mtu ambaye ameacha vidonge vya presha wiki mbili kwa sababu anajisikia mzima.

Nunua kipimo cha presha na ujue kukitumia. Mtu aliyekaa ametulia ukamkuta na 180 kwa 110, siku hiyo hana mazoezi, mpeleke akaonwe. Mwenye presha iliyodhibitiwa hana haja ya kukimbiwa, maana mazoezi ni sehemu ya tiba yake, ila mfundishe kutoa pumzi anaponyanyua. Akibana pumzi huku anasukuma chuma, presha hupanda ghafla. Mwenye sukari anayechoma insulini anaweza kuishiwa sukari katikati ya kipindi; mwangalie kama anaanza kutetemeka na kutoka jasho la baridi, uwe na juisi au sukari karibu, na asikanyage chini bila viatu.

Halafu kuna ugonjwa wa ubabe. Kijana anapata mteja mpya, anataka aonekane mkali, anampigisha skwoti mia mbili na pushapu hadi alale chini, halafu anamrekodi. Msuli usiozoea ukipondwa hivyo huweza kuvunjika na kumwaga uchafu wake kwenye damu, na figo ndizo zinazoumia. Mteja akikupigia simu kesho yake kwamba misuli imevimba na mkojo ni mweusi kama soda ya kola, usimwambie ni kawaida ya mwanzo. Aende hospitali saa hiyo hiyo. Mteja kushindwa kushuka ngazi si sifa yako. Sifa yako ni kwamba Alhamisi amerudi.

Tena ujue mpaka wako. Wewe si daktari, wala si mtaalamu wa lishe wa hospitali. Usimwambie mtu aache dawa. Usiuze chai za kupunguza tumbo. Mtu anayetaka kujenga misuli mwonyeshe dagaa, mayai, maharage na maziwa kabla ya kopo la poda la bei mbaya. Na sindano, wanangu, sindano! Mtu atakunong'oneza jimuni kwamba fulani hakuupata mwili ule kwa ugali, na kwamba yeye anayo dawa. Dawa hiyo ni homoni, nayo husinyaza korodani, huharibu uzazi, hunenepesha ukuta wa moyo na huvuruga mafuta ya damu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji: kijana akisifiwa mwili, huanza kuogopa kuupoteza, na hofu hiyo ndiyo inayomfikisha kwenye sindano. Aliyefanya mwili wake kuwa tangazo la biashara atalilinda tangazo hata kwa sumu.

Neno la tatu ni adabu. Wateja wako wengi watakuwa kina mama, na wengi watakuwa wakubwa kwako. Mwamkie shikamoo kwanza, kisha mrekebishe goti. Heshima haimzuii mwalimu kufundisha. Ukitaka kumshika mgongo umwonyeshe pa kunyoosha, omba ruhusa kwa maneno, kila mara, hata kama jana alikubali. Ukienda kumfundishia nyumbani, mlango ubaki wazi na wenye nyumba wajue upo. Ujumbe wa saa tano usiku kuhusu mazoezi ya kesho ungeweza kutumwa saa kumi na mbili jioni. Na picha zile za kabla na baada, usizirushe mtandaoni bila yeye kukubali kwa maandishi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, na hata isingekuwapo, tumbo la mtu ni siri yake. Katika mji huu wa Dar es Salaam jina likichafuka Kinondoni jioni, asubuhi limefika Mbezi.

Sasa tuje kwenye pesa, maana ndipo wengi mnapodanganyana. Chukua hesabu ya mfano. Una wateja wanane, kila mmoja vipindi vitatu kwa wiki, kila kipindi shilingi 15,000. Kwa wiki nne ni vipindi 96, na kichwani unaona shilingi 1,440,000. Lakini huyu amesafiri, yule ana mgonjwa, mwingine kalala. Vipindi vilivyofanyika ni 80. Hiyo ni 1,200,000. Mwenye jimu anachukua asilimia 40, yaani 480,000. Unabaki na 720,000. Bodaboda na daladala, shilingi 6,000 kwa siku kwa siku 24, ni 144,000. Mkononi una 576,000, na hujala, hujanunua bando, hujalipa kodi ya chumba wala ya serikali. Si pesa ya kudharau, ila pia siyo ile uliyomtajia mchumba wako.

Saa za kazi nazo zimekatika vipande. Wa alfajiri wanaanza saa kumi na moja na kwisha saa tatu asubuhi. Halafu jimu inabaki na wewe na feni. Wa jioni wanaingia baada ya ofisi, na foleni ya barabara ya Bagamoyo ndiyo inayoamua watafika saa ngapi. Mwaka pia una mawimbi yake: Januari wanajaa wenye ahadi za mwaka mpya, ada za shule zinawapunguza, masika inawafungia ndani. Ramadhani wanaofunga wanahamia usiku au wanapumzika. Desemba wenye kwao Moshi wanapanda basi. Asiyeweka akiba Januari atakopa Aprili.

Kwa hiyo malipo yatangulie, mteja alipie vipindi 12 kwa pamoja. Asiyefika bila taarifa ya siku moja kabla, kipindi kimehesabiwa; mwambie siku ya kwanza, kwa upole, na kwenye karatasi. Makubaliano na mwenye jimu nayo yaandikwe: ni mshahara, ni mgawo, au unamlipa kodi ya eneo? Ukihama mteja akakufuata, atakuwa wa nani? Kata TIN, na NSSF inapokea michango ya aliyejiajiri. Jiandikishe ungali na nguvu. Wale mnaoitazama Dubai, kule wana rejista ya wakufunzi, REPs UAE, na cheti cha pilau hakiwaingizi. Wakala akikuahidi kazi ya jimu, pitia kwanza kwenye ofisi ya serikali ya huduma za ajira, TaESA, kabla ya kumpa mtu pesa au pasipoti yako. Wapo walioagwa kama makocha wakafika kulinda mageti.

Na wateja utawapata wapi? Vijana wote mnakimbilia watu wa rika lenu wanaotaka tumbo la vipande, na hao hawalipi. Watajifunza kwenye simu. Watazameni wazee. Shirika la Afya Duniani linawataka watu wazima wafanye mazoezi ya wastani dakika 150 hadi 300 kwa wiki na kuimarisha misuli angalau siku mbili, na waliotimiza miaka 65 linawaongezea mazoezi ya uwiano na nguvu siku tatu, wasianguke. Hao wana saa zile za mchana ambazo jimu yako ni tupu, na watoto wao wako tayari kulipa. Ila usimwambie bibi habari za skwoti. Muulize kama anaweza kuinuka kwenye mbuzi ya nazi bila kushika ukuta, kama sijida inampa shida, kama choo cha kuchuchumaa anakiogopa. Baada ya miezi mitatu akiinuka mwenyewe, hutahitaji tangazo. Atakutangaza msibani, harusini na kwenye kikoba.

Kazi hiyo ndiyo itakayokubeba ukifika miaka 50, kifua kimeshuka na mvi zimeingia. Kijana aliyeuza mwili wake atakuwa amefunga duka. Aliyeuza jicho la kuona kosa la mgongo na sikio la kusikia mteja anapoficha maumivu, bei yake itakuwa imepanda.

Basi usiache kibarua chako kesho. Jumapili jiunge na vikundi vya jogingi vya mtaani kwako, uombe kuongoza kupasha mwili na kunyoosha viungo. Ujue kusema mbele ya watu. Soma usiku. Jifunze huduma ya kwanza, kisha pata cheti cha kweli. Chukua wateja watatu wa alfajiri kabla ya kwenda kazini, uandike kwenye daftari kila walichofanya na kila kilichowauma. Mwaka ukiisha, kama wawili kati ya hao watatu bado wanakuja, wanalipa kabla na hawajaumia mikononi mwako, hapo nenda kamuage bosi wako.