Milango ya Kabati ni ya Nani?

Ukitafuta nyumba ya kupanga hapa Themi, huenda ukakuta kabati la ukutani lisilo na milango. Reli za juu na chini zipo. Milango yenyewe ya kuteleza haipo. Wala si ajabu. Mlango wa namna hiyo hauna bawaba: ukiuinua kidogo kuelekea reli ya juu, upande wa chini hutoka, na mtu mmoja aweza kuubeba.

Mpangaji mpya, aliyekwisha kulipa kodi ya miezi sita mbele, afanye nini? Wengi hutundika pazia, na pazia si jawabu baya. Siku ya kuhama hukunjwa. Mwingine humwita seremala, naye hupima, akikumbuka kwamba kila mlango sharti uzidi kidogo nusu ya upana ili milango ipishane. Fedha zatoka. Hapo ndipo swali linapoanza: milango hiyo sasa ni ya nani?

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 yataka nyumba ya kuishi ipangishwe ikiwa yafaa kukaliwa na watu. Lakini nani atasema kabati wazi limeifanya nyumba isikalike? Basi jambo limebaki kwa watu wawili na uungwana wao.

Wapo wasemao: nimenunua kwa fedha yangu, nitaondoka nayo. Neno hilo lina haki ndani yake. Ila mbao zilizokatwa kwa kipimo cha ukuta huu hazifai ukuta mwingine; huko Njiro au Sakina aendako zitakuwa kuni tu, na anayemfuata atakuta pengo lile lile. Yamkini hata pengo alilolikuta yeye lilianza hivyo, kwa mtu aliyeona amedhulumiwa.

Maana wapo wenye nyumba ambao, wakiona milango mizuri, hupandisha kodi. Yaani wamtoza mpangaji kwa kazi ya mpangaji mwenyewe. Mimi naliona kosa hili kubwa kuliko la kung'oa. Anayejua kwamba jasho lake litamgeukia hatapigilia hata msumari, na nyumba itachakaa wote wakitazama.

Yafaa wasemezane kabla seremala hajaja. Ama gharama ikatwe katika kodi, na milango ibaki. Ama asikatiwe kitu, naye aruhusiwe kuing'oa. Waandike, hata katika ukurasa wa daftari, watie sahihi wote wawili. Mwenye nyumba akikataa yote mawili, pazia lipo.