Mkono Unaomimina

Kila jioni vijana wetu wengi wa Ng'ambo, kutoka Michenzani, Kikwajuni na Kwahani, huvuka Darajani kwenda kutafuta riziki katika mahoteli ya Mji Mkongwe. Baadhi yao kazi yao ni kuwachanganyia wageni vileo katika baa zilizopambwa kikale. Kijana akiulizwa na mzazi wake hujibu: "Mama, mimi sinywi. Namimina tu." Suala letu ni hili: Je, jawabu hilo linamtosha mbele ya Mola wake?

Kwanza tuyajue mambo yenyewe. Mtindo wa baa hizi asili yake ni Marekani. Huko ulevi ulipigwa marufuku kwa sheria tangu 1920 mpaka 1933. Watu wakawa wanakunywa kwa siri katika vyumba vya ndani, na leo vyumba vile ndivyo vinavyoigwa ulimwenguni. Kwetu Unguja mtindo huo umevishwa pambo jingine: milango ya nakshi, masanduku ya njumu, madele ya shaba yaliyokuwa yakiwapokea wageni kwa kahawa na halwa. Na ndani ya glasi hutiwa karafuu, hiliki na mchaichai. Mgeni hudhani ameonja Unguja, kumbe ameonja kile ambacho wazee wenye vyombo vile walikikataza majumbani mwao.

Ama suala letu, Mtume (S.A.W.) hakuliacha wazi. Katika Hadithi iliyopokewa na Tirmidhi, waliolaaniwa kwa ajili ya ulevi ni watu kumi: anayekamua na anayekamuliwa, anayekunywa, anayebeba na anayebebewa, anayewanywesha wengine, anayeuza, anayekula thamani yake, anayenunua na anayenunuliwa. Mnywaji ni mmoja tu katika kumi! Wala si ajabu, kwani ulevi haufiki kinywani peke yake. Hupita mikononi mwa watu, na kila mkono ungeweza kuuzuia.

Lakini, ndugu msomaji, usiridhike kwamba aliyetajwa ni mtoto wa jirani tu. Yumo pia anayekula thamani. Basi mwenye nyumba aliyoirithi, akaikodisha hali anajua kitakachouzwa ndani yake, na ajihesabu. Na mzazi anayemkemea mwanawe usiku, kisha asubuhi akazipokea pesa zake bila ya kuuliza neno, naye ajihesabu.

Atasema mwenye kusema: "Kazi hakuna, na watoto watakula nini?" Hoja hii si ya kudharauliwa. Sheria yetu inaitambua dharura, lakini dharura hukadiriwa kwa kiasi chake. Aliyebanwa kweli huishi akitafuta mlango wa kutokea. Akishazoea na kuacha kuutafuta, hiyo si dharura tena, ni chumo alilolichagua.

Na huo mlango ataufungua nani? Hapa ndipo tunapokosea. Wako wanaodhani kwamba askari na sheria vyatosha. Marekani walikuwa na vyote viwili, na baada ya miaka 13 waliifuta sheria yao. Madina mambo yalikuwa mengine. Katazo lilikuja kwa hatua, nyoyo zikatayarishwa, na amri ya mwisho iliposhuka watu waliumwaga ulevi njiani. Na mji ule ulikuwa umekwisha unganishwa kwa udugu: Ansari waliwagawia Muhajirina mali zao, na aliyetaka kufanya biashara alionyeshwa soko.

Kijana wa Ng'ambo naye anahitaji kuonyeshwa soko. Mkono unaojua kupima ndimu, tangawizi na sukari una hunari, na hunari si haramu. Haramu ni kile kinachotiwa pamoja navyo. Pale Forodhani maji ya miwa yenye ndimu na tangawizi huuzwa kila usiku, na wageni hao hao huyanunua. Ukwaju na ubuyu vyetu vingeweza kuandaliwa kwa ustadi ule ule. Anachokosa kijana ni mtaji wa kuanzia, na mtu wa kumwamini.

Kumlaumu barazani hakutugharimu kitu. Kumkopesha bila ya riba kunagharimu, na huko ndiko kukataza maovu kunakofaa. Mwenyezi Mungu amemuahidi anayemcha kwamba atamtolea njia. Huenda njia ya kijana huyu ameiweka mfukoni mwako. Wallahu aalam.